Miaka yangu ya Pune nikiandika kuhusu Waislamu wa kwenye picha za Kihindi, na mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema

Kila baada ya muda kuna mtu ananitafuta, mara nyingi mwanafunzi, ananiambia dada na mimi nataka kufanya risechi ya sinema na dini, hasa hizi za India, nianzie wapi. Nimechoka kutuma voisi ndefu ndefu ambazo hata mwenyewe sizisikilizi mpaka mwisho, kwa hiyo leo naandika yote, mwenye kusoma asome. Nilikuwa Pune, jimbo la Maharashtra, kuanzia mwishoni mwa 2021 mpaka katikati ya 2023, nasoma masters, na tasnifu yangu ilikuwa inaangalia jinsi sinema ya lugha ya Kihindi inavyomchora Mwislamu, na kwa upande wa pili inavyomchora yule raia "wa kawaida" ambaye dini yake haitajwi kabisa kwa sababu kila mtu anajua ni Mhindu. Kwa sensa ya 2011 Wahindu ni asilimia 79.8 ya nchi na Waislamu 14.2, lakini hiyo 14.2 ni watu zaidi ya milioni 170, wengi kuliko idadi ya watu wa nchi nyingi duniani. Hapo tu uone hilo neno wachache lina mambo yake.

Mimi ni Mwislamu, navaa hijabu, nimekulia picha za Kihindi kama wengi wetu, najua steringi hafi, najua adui akishacheka sana basi kipigo kinakuja. Nikadhani huo ndio mtaji wangu. Kumbe ule uzoefu wa utotoni unasaidia kidogo na unazuia sana, kwa sababu umeshazipenda hizo picha kabla hujaanza kuziuliza maswali.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa kuhesabu. Nachukua filamu kubwa za kila muongo, naangalia Waislamu ni wangapi, wangapi wazuri, wangapi wabaya, nachora jedwali, natoa asilimia, nimemaliza, narudi kwetu na cheti. Nikampelekea supavaiza akasoma kurasa mbili akavua miwani akaniuliza, haya, na yule imamu wa Sholay utamweka safu gani? Nikamjibu haraka sana, wazuri. Akaniambia nenda kaangalie tena.

Nikaenda. Sholay ya 1975 tumeiona wote, yule mzee kipofu wa kijijini, imamu, kaigiza A.K. Hangal. Mwanawe Ahmed anauawa na jambazi Gabbar, maiti inaletwa kijijini juu ya farasi, wanakijiji wameogopa wanataka kuwatoa Jai na Veeru, wale masteringi wawili wanaokilinda kijiji, ili yaishe. Na ni huyo mzee, baba wa marehemu, kipofu, ndiye anayewasuta wenzake, anasema leo atamuuliza Mungu kwa nini hakumpa watoto wengine zaidi wa kufa kwa ajili ya kijiji hiki. Kisha anashika njia kwenda msikitini, adhana inasikika. Utotoni hapa nilikuwa nalia. Safari hii nikasimamisha nikajiuliza mbona yeye tu. Kijiji kizima kile hakuna baba mwingine aliyeombwa atoe mtoto ndio aonekane mwanakijiji. Yeye ni mzuri, tena mzuri kuliko wote, lakini uzuri wake una bei na kailipa mbele ya macho yetu. Jedwali langu lisingeona hilo hata siku moja.

Basi tasnifu nzima ikageuka hapo. Nikaacha kuuliza nani mbaya nani mzuri, nikaanza kuuliza kwenye hii picha nani anadaiwa uthibitisho. Nani lazima aonyeshe kwamba anaipenda nchi, na nani anaachiwa tu aishi, apende, agombane na baba yake, aoe, bila mtu kumuuliza chochote. Ukishalishika hilo swali, wallahi huwezi kuangalia picha tena kwa raha, nakuonya mapema.

Angalia Sarfarosh ya 1999. Aamir Khan ni afisa wa polisi, Rathod, Mhindu, na chini yake kuna inspekta Salim, polisi hodari, ana watu wake mtaani wa kumpa habari. Salim anatiliwa shaka, anawekwa pembeni, kisha anarudi na habari iliyookoa kesi na anapewa ile hotuba maarufu kwamba asiambiwe tena Salim yeyote kuwa hii si nyumba yake. Watu ukumbini wanapiga makofi. Sawa, hotuba nzuri, lakini Rathod hakuhitaji hotuba. Au Chak De! India ya 2007, Shah Rukh Khan ni Kabir Khan, nahodha wa hoki anakosa penati dhidi ya Pakistan, anapigwa picha akimpa mkono nahodha wao, basi, msaliti, anahama nyumba yeye na mama yake wakati jina hilo limeshaandikwa ukutani. Anarudi baada ya miaka kufundisha timu ya wanawake mpaka kombe la dunia, na baada ya kombe ndio mtaa unamsamehe. Naipenda hiyo picha mpaka leo, nisiwadanganye. Ila tazama bei, kombe la dunia zima. Na ulizia nani aliyewafundisha waigizaji wake hoki: ni Mir Ranjan Negi, aliyekuwa golikipa wa India ilipopigwa 7-1 na Pakistan fainali ya Michezo ya Asia 1982, naye aliitwa msaliti, na yeye ni Mhindu. Mwandishi wa filamu alishasema hakuandika maisha ya Negi na mimi namwamini, lakini inabaki kwamba picha ilipotaka mtu wa kushukiwa, jina la Khan lilifanya kazi yote bila maelezo.

Sasa niseme la nyumba maana ndilo lililonitesa kuliko vitabu.

Ukifika India kwa viza ya mwanafunzi ya zaidi ya siku 180 unatakiwa ujisajili kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14, siku hizi ni onlaini, na wanataka ushahidi wa unapoishi pamoja na barua ya chuo wanayoiita bonafide. Maana yake nyumba si jambo la kusubiri. Hosteli ilikuwa imejaa. Nikashika dalali, ada yake kodi ya mwezi mmoja, dipoziti ya miezi miwili au mitatu, mkataba wa miezi 11, hizo ndizo desturi za pale na zinakula hela haswa, mimi nilitenga elfu 30 za rupia nikajikuta nimezimaliza kabla sijanunua godoro. Lakini hela si kitu, kitu ni yale maswali. Dalali kwenye simu ananiita madam, mchangamfu, kisha: madam, veg or non-veg? Nikasema nakula nyama. Kimya kidogo. Jina nani? Nikataja. Kimya kirefu. Madam, nyumba imeshachukuliwa, jana tu. Mara ya kwanza niliamini. Baadaye nikajua kwamba wanafunzi wote Waislamu, wenyeji kabisa wa India hiyohiyo, wanaujua ule ukimya, wanaucheka, wana hata utani wake.

Na katikati ya hekaheka hizo ndio nikaiangalia kwa mara ya kwanza Garm Hava, ya M.S. Sathyu, ya 1973. Kama hujaiona acha kusoma hii kaitafute. Ni Agra baada ya nchi kugawanywa India na Pakistan 1947, Salim Mirza ana karakana ya viatu, ndugu zake mmoja baada ya mwingine wanahamia Pakistan, yeye hataki. Nyumba ya ukoo inachukuliwa kwa sababu iko kwa jina la kaka yake aliyehama, kwa hiyo kisheria ni mali ya waliokimbia. Benki inakataa kumkopesha, watu wake si wanaondoka bwana. Halafu anatembea mlango kwa mlango kutafuta nyumba ya kupanga, na inafika mahali anaanza yeye mwenyewe kabla hajaulizwa, jina langu Salim Mirza, ni Mwislamu, nyumba ipo? Anasema kwa adabu, uso wa Balraj Sahni umetulia kabisa, hata hasira hana. Nilisimamisha kompyuta nikakaa. Siku ya pili nikampigia dalali mwingine nikaanza vilevile, jina langu fulani, Mwislamu, natoka Tanzania, nakula nyama, nyumba ipo? Niliokoa muda mwingi sana. Hicho ndicho kidokezo changu cha nyumba, kitumie, ni kichungu lakini kinafanya kazi. Nilipata chumba kwa mama mmoja Mkristo ambaye shida yake ilikuwa moja tu, nisirudi baada ya saa nne usiku.

Ila msije mkadhani kazi yote ni kulia. Pune ni mahali pazuri sana kwa mtu wa sinema. Kuna FTII, chuo cha filamu, kiko kwenye eneo la zamani la studio za Prabhat, na karibu yake kuna hifadhi ya taifa ya filamu, NFAI, ya tangu 1964, ambayo nilipokuwa pale ndio ilikuwa inaunganishwa na shirika la filamu la serikali, kwa hiyo karatasi zilikuwa zinazunguka ofisi ambazo hata wenyewe hawana uhakika. Ushauri: nenda na barua ya idara yenye muhuri, orodha ya filamu umeshaiandika na mwaka wake, omba wiki kadhaa kabla, na kwenye orodha weka nyingi kwa sababu utakayoitaka huenda haipo. Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, ya 1931, haina nakala hata moja duniani iliyobaki. Usiandike sura nzima ya tasnifu ukitegemea filamu ambayo hujathibitisha kwamba ipo.

Ndani ya ile hifadhi ndio nilikutana na Padosi ya 1941, ya V. Shantaram, ilitengenezwa pale pale Prabhat. Majirani wawili wazee, Mirza na Thakur, Mwislamu na Mhindu, wanacheza sataranji pamoja, tajiri mmoja anataka kujenga bwawa anawagombanisha, mwisho wanakufa pamoja bwawa likipasuka. Hadithi ya kufundisha, sawa, lakini angalia nani kaigiza nani: Mirza ameigizwa na Gajanan Jagirdar, Mhindu, na Thakur ameigizwa na Mazhar Khan, Mwislamu. Walifanya kusudi, mwaka mmoja tu baada ya chama cha Muslim League kutoa lile azimio la Lahore, la kudai Waislamu wawe na nchi yao. Na ukianza kuchungulia nyuma ya pazia hivyo utakuta mengi. Ule wimbo wa kumwomba Hari, mungu wa Kihindu, kwenye Baiju Bawra ya 1952, ambao watu wanausikiliza kama ibada kabisa, maneno ni ya Shakeel Badayuni, muziki wa Naushad, sauti ya Mohammed Rafi, Waislamu watatu. Mother India ya 1957, picha ya mama wa taifa mwenyewe, Radha, mhindu mcha Mungu anayevuta jembe, mtengenezaji ni Mehboob Khan na mwigizaji ni Nargis, jina la kuzaliwa Fatima. Dilip Kumar ni Yusuf Khan. Kwa hiyo usiandike kama vile Wahindu walikaa mahali wakawachora Waislamu. Waislamu walikuwa chumba kimoja nao, wanaandika, wanaimba, wanaigiza, wengine kwa majina ya kuazima, na sura ya taifa walisaidia kuichora. Supavaiza alinirudishia sura ya pili kwa sababu ya hili na alikuwa na haki yake.

Amar Akbar Anthony nayo ilinivunja moyo kidogo. Ya 1977, Manmohan Desai, kaka watatu wanapotezana siku ya uhuru, tarehe 15 Agosti, mmoja analelewa na Mhindu, mmoja na Mwislamu, mmoja na Mkristo, na pale mwanzoni wanalala vitanda vitatu wanamtolea damu kwa pamoja mwanamke asiyejulikana kumbe ni mama yao, anaitwa Bharati, kutoka Bharat, jina la India, yaani ni nchi yenyewe imelala pale. Nilipokuwa mdogo hiyo ndiyo ilikuwa picha ya usawa. Ukubwani nikaona kwamba wote watatu kwa damu ni watoto wa familia ya Kihindu, Akbar na Anthony dini zao wamezipata kwa kupotea. Na kazi zao, Amar ni polisi, Akbar anaimba kawali, Anthony anauza pombe. Bado ni picha tamu na mimi sitaki mtu aseme ni ya chuki, haina chuki hata chembe, ndio maana inafundisha zaidi kuliko zile za chuki. Nani kapewa sare ya serikali na nani kapewa wimbo.

Haya, ukumbini. Watu wanaandika risechi za filamu wamejifungia chumbani na laptop, mimi nasema nenda sinema, ukae na watu. Tiketi ya asubuhi siku ya kazi nilikuwa napata kwa rupia mia na kitu, Jumamosi jioni inapanda mpaka mia tatu na zaidi, kwa hiyo asubuhi ndio yako. Kule Maharashtra kabla ya picha wanapiga wimbo wa taifa, na wanapiga tangu 2003, zamani sana kabla ya Mahakama ya Juu kuamuru nchi nzima Novemba 2016 na kisha kulegeza Januari 2018 ikawa hiari. Mgeni anayetaka kuangalia nani anathibitisha nini, basi pale taa zikiwa zimezimwa nusu na bendera imejaa skrini kila mtu amesimama ameshika popkoni yake, hiyo ndio sinema ya kwanza. Nilikuwa nasimama haraka kuliko wote. Mimi si raia wa India, hakuna aliyenituma, lakini hijabu ile nilijua inaonekana kwa nyuma, na nikawa nawaona wasichana wengine wenye hijabu nao wameshasimama kabla hata noti ya kwanza.

Machi 2022 ikatoka The Kashmir Files, kuhusu Wahindu wa Kashmir, Pandit, walivyofukuzwa bondeni, ambako Waislamu ndio wengi, kuanzia 1990. Majimbo kadhaa yaliyo chini ya BJP, chama cha waziri mkuu, yakaiondolea kodi, waziri mkuu akaisifia. Ilibidi niione ukumbini, nisingeweza kuiandika kwa kusikia. Rafiki zangu wakasema usiende, wengine wakasema nenda bila hijabu, nikakataa, nikaenda na mwanafunzi mwenzangu ambaye mwenyewe ni Pandit, familia yake ilikimbia Srinagar kabla yeye hajazaliwa. Tukakaa safu ya mwisho karibu na mlango, ile ya pembeni. Akalia toka intavali mpaka mwisho. Na niseme wazi, kilio chake ni halali, waliuawa watu, walihama kwa maelfu, wengi wakaishia kambi za Jammu, si hadithi ya kutungwa. Kosa la picha naliona kwingine: katika saa zote zile humpati jirani Mwislamu mmoja mwenye utu, wakati mwenzangu mwenyewe bibi yake alikuwa anamsimulia wa kwao. Picha ilipoisha mtu mmoja wa safu za mbele akasimama akaanza kupiga kaulimbiu, wengine wakaitikia. Tumbo lilinikaza. Mwenzangu akanishika mkono tukatoka mlango wa pembeni hatukusema neno mpaka kwenye riksho.

Humo ndani ya riksho ndio aliniambia kitu kilichonipa sura ya nne: kwamba yeye Kashmir ni wachache, akivuka Jammu kushuka chini ni wengi, na picha hii imemchukua akiwa mchache ikamtumia kwa faida ya walio wengi, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo kila unapoandika wengi na wachache sema ni ramani gani unayoitumia. Ukipanua au ukibana ramani hesabu inageuka.

Na wengi wenyewe si kitu kimoja. Hilo nilifundishwa na filamu ya Kimarathi, Fandry ya 2013, ya Nagraj Manjule, ambayo haina Mwislamu hata mmoja wa kuzungumzia. Ni familia ya Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, kazi yao kufukuza nguruwe kijijini, wanadharauliwa na Wahindu wenzao. Kuna kipande wamemzunguka nguruwe, wamehangaika naye asubuhi nzima, wanakaribia kumkamata, mara shuleni jirani wimbo wa taifa unaanza. Wanaganda. Baba, mama, watoto, wote wima kama miti pale kwenye vumbi, na nguruwe anakwenda zake. Ukumbi mzima tulicheka kisha tukanyamaza. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa nikidhani anayedaiwa uthibitisho ni Mwislamu peke yake. Wale masteringi wa kwenye picha za harusi kubwa kubwa, kina Raj na Rahul wenye majumba, ni Wahindu wa aina moja tu, wa kaskazini, wa tabaka la juu, wenye hela, na Mdalit haoni sura yake pale kama ambavyo Mwislamu haoni.

Kosa lingine la wengi wanaonitafuta ni kusema sinema ya India wakimaanisha Bollywood. Toka kidogo. Kerala, ambako Waislamu ni zaidi ya robo ya jimbo, wana Sudani from Nigeria ya 2018, ya Kimalayalam, meneja wa timu ya mchangani huko Malappuram anamleta mchezaji wa Nigeria, anaumia mguu, analelewa nyumbani na mama wa meneja na jirani yake mama mtu mzima. Wote Waislamu na hakuna anayethibitisha chochote, hakuna bomu, kuna chai na mgeni mgonjwa na mama anayegombana na mwanawe kuhusu baba wa kambo. Nilicheka peke yangu. Kama Mwafrika niliyekuwa naangaliwa barabarani kila siku nilifurahi zaidi, japo baadaye yule mwigizaji Samuel Robinson alilalamika hadharani kwamba amelipwa kidogo kwa sababu ya rangi, na wakamalizana. Basi hata picha nzuri ina jikoni yake.

Mambo ya usalama niyaseme haraka. Kurekodi skrini kwa simu ukumbini ni kosa la jinai, andika gizani kwa kalamu, utajifunza. Watu utakaowahoji wasitajwe majina, wengi watakubali kuongea na siku ya pili watakuomba ufute, futa. Kwenye semina ya idara mtu mmoja alinisimamia akasema nimetukana dini, na India kuna sheria ya kuumiza hisia za dini, zamani kifungu 295A, tangu Julai 2024 kimehamia 299 cha sheria mpya, na wewe mgeni wa viza huna ubavu wa kesi. Nilichofanya ni kuonyesha kipande chenyewe cha filamu kwanza, dakika mbili, kisha nikauliza swali langu badala ya kutoa hukumu. Watu wakaanza kubishana wao kwa wao na mimi nikakaa. Supavaiza akanibadilishia pia kichwa cha tasnifu kikawa cha kuchosha kabisa, nilikasirika, sasa namshukuru, hakuna aliyehangaika kukisoma.

Mei 2023 ikatoka The Kerala Story wakati mimi namalizia marejeo. Tangazo lake la kwanza lilidai wasichana 32,000 wa Kerala wamegeuzwa dini na kupelekwa ISIS, baadaye wakabadilisha wakaandika watatu. Thelathini na mbili elfu kuwa watatu. West Bengal wakaipiga marufuku, Mahakama ya Juu ikasimamisha marufuku, na watengenezaji wakatakiwa kuweka tamko kwamba hiyo namba haina ushahidi. Niliiongeza kama tanbihi ndefu tu, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa hela na nguvu, na kwa sababu mwaka uleule Januari kulikuwa na jambo lililonivutia zaidi. Pathaan, Shah Rukh Khan, picha iliyopita rupia bilioni 10 duniani, watu wanagombania rangi ya zafarani, ya Kihindu, ya nguo kwenye wimbo, na ndani yake steringi anaulizwa kama yeye ni Mwislamu. Hajibu ndio wala hapana. Anasema wazazi wake walimwacha kwenye ukumbi wa sinema. Mtetezi mkuu wa nchi mwaka ule ana jina la Kipathani, la Waislamu, na dini hana. Mtu akitaka mada ya PhD, hiyo ipo, mimi sijaona aliyeimaliza.

Kwa anayeanza sasa hivi, mpangilio wangu wa kuangalia ni huu: Padosi ukiipata, kisha Garm Hava, ambayo ilisafishwa upya ikarudi majumba ya sinema 2014 kwa hiyo tafuta hiyo nakala, kisha Amar Akbar Anthony, kisha Sarfarosh, Fandry, Sudani from Nigeria, na hizi mpya za kelele ziwe mwisho kabisa ukishajua unatafuta nini. Kila moja mara mbili, ya kwanza bila daftari. Na dipoziti ya nyumba iombe kwa maandishi kabla hujahama, mimi yangu nusu haijarudi mpaka leo.